Madhara Mengine ya Nadra

...basi leo sitasema, leo nimesimama juu ya stuli ya fundi, mikono nimeitandaza kama kamba ya kuanikia nguo, na sijui ni nani anayeweza kumtangazia dada yake jambo kama hili akiwa ndani ya nusu ya gauni, upande mmoja umeshikiliwa na pini, upande wa pili bado uko mezani na alama za chaki, geuka kidogo, anasema fundi, ana pini nne mdomoni na maneno yanapenya katikati yake yakiwa bapa, geuka, hapo hapo, usipumue sana, na mimi tangu saa nne asubuhi sijapumua, fundi, tangu daktari aliponipigia simu ofisini akaanza kwa kuniuliza nimeamkaje, daktari hakupigii simu kukuuliza umeamkaje, nikainuka nikafunga mlango kabla hajafika kwenye jambo lenyewe, majibu ya damu yametoka, akasema, chembe za kugandisha damu ziko chini mno, na chembe nyeupe zina sura ambayo hakuipenda, sura, alisema hivyo, utadhani anamzungumzia mchumba wa binti yake, njoo Jumanne tuchukue uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga, kisha akaongeza, usije peke yako, na hayo maneno matatu ndiyo yaliyokuwa majibu, mengine yote yalikuwa adabu. Inaweza kuwa kitu kingine, akasema. Nikamwambia nitajie hicho cha kwanza kilichokujia kichwani, akasema tusikimbilie huko, nikamwambia mimi niko huko tayari, daktari, nakungoja wewe, ndipo akasema, polepole, kama anayeshuka ngazi gizani, kwamba dawa zile nilizotundikiwa kwa ajili ya uvimbe wa titi, kwa watu wachache, wachache sana, huweza kuharibu uboho wenyewe, na miaka baadaye ikawa saratani ya damu. Dawa zile zile. Zilizoniponya. Na ni kwa sababu ya kupona huko kwamba Jumamosi kuna shughuli ya shukrani, miaka mitano kamili, watu sitini, keki yenye tarakimu tano juu yake, na gauni hili.

Sitini, na kumi vya akiba, dada anamwambia mwenye viti kwenye simu, amekaa kwenye benchi kando ya cherehani, mkoba wake na wangu yote mapajani, ameikumbatia kama mapacha, na usiniletee vile vinavyoyumba, mara ya mwisho mjomba alianguka mbele ya wakwe, hapana, hakuwa amelewa, kiti ndicho kilichokuwa kimelewa, fundi anacheka kupitia pini, nami nacheka kwa sababu kifua changu kikitikisika peke yake wataniuliza. Dada anakata simu. Profesa, ananiita, ananiita hivyo tangu nilipokwenda chuo kikuu, mwanzo lilikuwa tusi, siku hizi ni nusu kwa nusu, Profesa, utasema neno mwenyewe au nikusemee? Nisemee. Nitasema umepigana vita. Sikupigana, nililala. Haya, ameanza, anamwambia fundi, huyu mpe sifa ataisahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini ni kweli nililala, nililala kwenye kiti cha kuegemea chenye mpira uliopasuka, sindano mkononi, dawa nyekundu kama sharubati ikishuka tone kwa tone, na kama kulikuwa na vita ilikuwa kati ya ile sharubati na uvimbe, mimi nilikuwa uwanja tu, wanakanyagana juu yangu, na uwanja haupewi nishani, lakini jaribu kulisema hilo mbele ya watu sitini waliovaa utepe wa waridi, shujaa wetu, mpiganaji wetu, mshindi wetu, wakati huo huo kuna mtu maabara ametazama kioo cha damu ya mshindi na kumwita mwenzake, hebu njoo uone hii.

Upande huu niongeze sponji au tuuache ulivyo, anauliza fundi, ameweka kiganja kwenye upande wa kushoto pasipo na kitu, anakiweka bila haya na bila huruma, kama mtu anayepima bega, nampendea hilo, tuuache, nasema, ongeza, anasema dada kwa wakati mmoja nami, picha zitapigwa. Fundi anatazama juu. Nani anavaa gauni? Anavaa yeye, anasema dada, lakini picha nitatundika mimi. Ongeza, fundi, nasema, ongeza hata mawili, na dada anacheka, anafurahi, yule ambaye baada ya upasuaji alilala sakafuni pembeni ya kitanda changu wiki nzima akidai anapenda sakafu, inanyoosha mgongo, na mgongo wake mpaka leo ukipigwa na baridi unamwambia habari za ile sakafu, yule ambaye mama alipofariki alinichana nywele kila asubuhi kabla ya shule huku yeye zake hazijachanwa, nitamwambiaje, keti dada, ile kazi tuliyoifanya pamoja inabidi tuianze upya, na safari hii ni damu, damu haina upande wa kuukata ukatupa. Sitasema leo. Nitasema Jumapili, baada ya vyombo kuoshwa. Au Jumatatu. Jumanne asubuhi nikiwa mlangoni. Naona jinsi ninavyozisogeza siku kama mtu anayesogeza sahani ya chakula asichokitaka...

Na hii umejigonga wapi, fundi ameinua upindo, anatazama paja langu, alama ya rangi ya zambarau iliyokwisha kugeuka njano pembeni, mezani, nasema, na hii? Mezani pia. Hiyo meza ina kisa na wewe. Tangu utoto, anadakia dada, mlango uko wazi kabisa yeye atatafuta fremu aigonge, na wanacheka wote wawili, na mimi natazama kwenye kioo mwanamke mwenye sketi iliyoinuliwa na madoa manne, matano, moja nyuma ya goti ambalo sijawahi kuliona, kwa sababu nani hujitazama nyuma ya goti, miezi mitatu nimekuwa nayo, miezi mitatu najikuta na michubuko nisiyoikumbuka, na nilifanya nini, niliisogeza meza. Mtu mwenye shahada mbili. Niliikuta ofisini karibu na dirisha nikaisukuma hadi ukutani, mhasibu akanisaidia upande mmoja, nikamwambia hii meza itaniua, akacheka, na jioni nikatazama ule upana mpya wa kupita nikajisifu, tatizo limekwisha. Na ule uchovu nikausingizia kazi. Na zile homa mbili nikazisingizia mvua. Daktari wa kawaida aliponitazama wiki iliyopita alikuwa ananiangalia koo tu, damu alichukua kwa kukamilisha fomu.

Hukujua, ndivyo atakavyosema dada nikimweleza, ungejuaje, na hapo ndipo penye mwiba, hapo ndipo ulimi wangu unapogoma, kwa sababu nilijua, dada, nilijua miaka mitatu kabla hata sijaota uvimbe, nilijua kwa maandishi. Kazi yangu ni kuandika karatasi ambazo watu hawazisomi: namna ya kuosha tangi la maji, namna ya kupima dawa ya mtoto, nini cha kufanya ukinusa gesi. Hospitali ikatuletea kazi, karatasi ya kumpa mgonjwa wa titi kabla hajaanza dawa, aisome, kisha asaini fomu ya kukubali kwamba ameelezwa. Daktari wao wa saratani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuja na kurasa nne alizoandika kwa mkono, na bwana wa mawasiliano akataka karatasi moja, ya kukunja, yenye picha ya mama anayetabasamu. Tukakaa asubuhi nzima, biskuti, chupa za maji, kiyoyozi kinachovuja. Kila kitu kikaingia, nywele, kichefuchefu, vidonda vya mdomo, moyo kuangaliwa. Ikabaki sentensi moja ya mzee, naikumbuka haikuwa nzuri, ilikuwa ndefu na nzito kama kabati: kwamba kwa wagonjwa wachache dawa hizi zinaweza kuleta saratani ya damu miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo mgonjwa, hata akishapona, akiona michubuko asiyojua ilikotoka, au fizi zinatoka damu, au uchovu usioisha, au homa za kurudiarudia, aje apimwe damu asingoje. Bwana wa mawasiliano akaweka kalamu chini. Hii itawakimbiza, akasema, mtu amekuja kutibiwa saratani unamwambia utampa nyingine, atarudi nyumbani afe na ile ya kwanza. Mzee akasema ni watu wazima hao, waandikieni. Wakavutana. Saa saba ikafika, njaa ikafika, na mimi, mimi ninayejua kuupata mshono pale watu wengine wanapoona tundu, nikasema, vipi tukiandika hivi, madhara mengine ya nadra, muulize daktari wako. Chumba kizima kikashusha pumzi. Bwana wa mawasiliano akaninyooshea kidole, ndiyo maana tunakuita wewe. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, na atauliza nini mtu asiyejua cha kuuliza, lakini alilisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha shindwa, na sahani ya sambusa ilikuwa imeletwa, na karatasi ikakunjika vizuri, herufi kubwa, nafasi ya kutosha, nikaipenda.

Pindua mkono, anasema fundi, kwapa linabana? Halibani. Sema kweli, likibana sasa Jumamosi litakuua. Halibani, fundi... na miaka mitatu baadaye muuguzi akanipa karatasi ile ile mkononi, mama yule yule anayetabasamu, rangi zimepauka kidogo, akasema isome vizuri kisha usaini hapa, na nilifanya nini, niliisoma kutafuta makosa ya chapa. Wallahi. Nimekaa kwenye benchi la hospitali, uvimbe una ukubwa wa limau, nami natazama kama waliochapa upya wameharibu nafasi kati ya mistari, nikaona hawakuharibu, nikafurahi, nikasaini. Mtu yeyote mwingine angeisoma kwa hofu, na hofu pengine ingemfanya aulize, ni yapi hayo ya nadra? Mimi sikuwa na swali, mimi ndiye niliyekuwa jibu. Je, niliikumbuka ile sentensi ya mzee? Nimejiuliza kutwa nzima, na ukweli ni kwamba niliukumbuka urefu wake. Nilikumbuka kwamba palikuwa na kitu kirefu pale na nilikifupisha vizuri. Kilichokuwa ndani yake kilikwenda na kurasa za mzee, na mzee mwenyewe, nasikia, alistaafu.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba sina wa kumchukia. Nimejaribu. Tangu saa nne nimempitia kila mmoja kama mtu anayepekua nyanya sokoni. Daktari aliyenipa dawa? Alinipa dawa inayofaa, na bila dawa hiyo hakuna miaka mitano, hakuna keki, mpwa wangu angeolewa bila mimi. Ningeambiwa siku ile, mmoja katika mia, pengine chini ya hapo, miaka ijayo, dhidi ya limau lililoko kifuani leo, ningesaini. Ningesaini huku nimesimama. Kila mwenye akili angesaini. Kwa hiyo sentensi yangu haikunipotosha kwenye uamuzi, hata bwana wa mawasiliano pengine alikuwa sahihi kwamba wapo ambao wangekimbia, na hapo ningeweza kujifuta mikono, nikasema basi, ni bahati mbaya, twende Jumanne... isipokuwa ile miezi mitatu. Ile meza. Mzee hakutaka tu watu waogope, alitaka wajitazame nyuma ya goti. Nilichokifuta hakikuwa kitisho, kilikuwa maelekezo, kama ningeandika karatasi ya gesi nikaacha pale panaposema fungua dirisha, na kwa kazi yangu hilo lina jina, ni uzembe, ningemfukuza kijana wa kazi aliyelifanya.

Simu ya dada inalia tena, mtu wa keki, anataka kujua maandishi. Dada ananiuliza, waandike Hongera au Ushindi? Waandike bado. Bado nini? Hakuna, natania, andikeni Hongera. Bado, anamwambia fundi, unasikia, ukichaa wa kusoma huu, fundi anasema mimi niliishia darasa la saba nikaona yanatosha, na Mama Chupa naye alisema hivyo hivyo, maneno yale yale, mimi niliishia la saba, nisomee wewe uliyesoma...

Mama Chupa. Kiti cha pili kutoka changu, kule chumba cha dawa, karibu na dirisha. Tulimwita hivyo sote kwa sababu kila siku ya dawa alikuja na chupa kubwa ya chai na vikombe sita, akawamiminia hata wale wanaotapika, alikuwa anauza mitumba ya watoto, sauti kama ya mnadani, akikuona umeinamisha kichwa anakuambia inua uso, upara wako una umbo zuri, wengine yao ni viazi. Siku ya kwanza ya Mama Chupa, dada alikuwa amekwenda mapokezi kuchukua faili, na Mama Chupa alikuwa na karatasi yake bado hajasaini, miwani kaisahau nyumbani, akanisukumia, nisomee, nikaisoma yote kwa sauti nzuri, nilijivunia jinsi inavyosomeka, nikafika mwisho, akasema, hayo mengine ya nadra ni yapi? Aliuliza. Mzee alisema hataweza kuuliza mtu asiyejua cha kuuliza, na yule mama wa mitumba akauliza, swali lenyewe, bila kufundishwa, na akaniuliza mimi, katika dunia nzima aliniuliza mimi, nikasema, aa, ni vitu vidogo vidogo tu, visikusumbue. Akasema haya, kama umesema wewe. Akasaini hapo hapo juu ya paja lake, kalamu ikatoboa karatasi.

Na nilimwona wiki mbili zilizopita, kwenye foleni ya duka la dawa, nimekuwa nikilizunguka hili tangu asubuhi, nalipita mbali kama mtu anayepita mbali na nyumba ya anayemdai, nilimwona, kanenepa, nywele zimerudi nyeupe kabisa, akanikumbatia mbele ya watu, mwenzangu wa kiti cha pili, akapaza sauti, tungali hai, wakageuka wote. Alikuwa ananunua vidonge vya nguvu. Siku hizi nachoka, mdogo wangu, naamka nimechoka kama niliyelala kazini, na mswaki ukigusa fizi tu, damu, ni uzee huu unaingilia mdomoni. Na mimi, ambaye nilikuwa na alama kama hizi mwilini chini ya sketi wakati huo huo, nilimwambia abadilishe mswaki. Chukua ule laini, nikasema, wa watoto. Akacheka, akachukua wenye picha ya sungura. Inaweza kuwa fizi tu. Inaweza kuwa mswaki. Fizi hutoka damu kwa sababu mia na watu wa umri wake huchoka, na wachache ni wachache, ndivyo hesabu ilivyo, lakini kipimo ni tone la damu na asubuhi moja, na yeye hajui kama kuna kipimo, kwa sababu alipouliza aliambiwa visimsumbue.

Kwa hiyo si sindano ya Jumanne. Nilidhani ni sindano inayonifanya nisipumue. Ni kwamba nitampigia, nitamwambia nenda kesho asubuhi upimwe damu, waambie ulitumia dawa za titi, usiondoke mpaka wakupime, na kwa ile sauti ya mnadani ataniuliza, na wewe ulijua lini? Na sitamwambia leo saa nne. Nitamwambia, nilijua kabla hujakaa kwenye kile kiti, iliandikwa, nikaifuta mimi, kwa sababu ilikuwa ndefu na watu walikuwa na njaa. Namba yake ninayo. Simu iko ndani ya mkoba wangu, na mkoba uko mapajani mwa dada, na dada hatainuka hapo atoke nje anipishe, namjua, atabaki benchini na macho yake, atasikia neno uboho, atasikia neno Jumanne, atalijua jambo langu kwa kumsikia mwanamke mwingine akiambiwa, ni njia mbaya ya kumwambia mtu aliyelala sakafuni kwa ajili yako, nauona ubaya wake, lakini nikingoja nipate nzuri nitakuwa nimeanza tena kutafuta sentensi inayokunjika, na yule mama anapiga mswaki mara mbili kwa siku. Bado pini mbili, anasema fundi, vumilia. Haya. Pini mbili. Ya kwanza inaingia chini ya kwapa, baridi yake inanigusa ngozi, haichomi, kwenye kioo dada ameibana simu begani na anaandika kitu nyuma ya bahasha, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayechora, mpaka sasa hajui, ana muda wa pini moja, na mimi namtazama...